Bafle ni zile zile, nyumba ndiyo tofauti
Ndugu, unauliza mbona bafle (spika) ulizonunua Birere, hapa Goma, kwako zinaimba vizuri, lakini shemeji yako wa mtaa wa Himbi alipoziazima alisema zinanguruma tu. Usigombane naye, wote mnasema kweli.

Angalia nyumba. Wewe unakaa kwenye nyumba ya mbao: ukuta mwepesi unatetemeka na kuiachia besi, yaani sauti nzito za chini, itoke nje (majirani wanajua!). Kwake ni matofali na sakafu ya saruji, na kama amezisukuma hadi kwenye kona, besi inavimba na kummeza mwimbaji. Azivute kama nusu mita kutoka ukutani, atandike zulia, halafu asikilize tena gitaa la solo kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ya magitaa na kucheza.

Umri nao upo. Kijana husikia hadi karibu hezi 20,000 (mitetemo kwa sekunde). Sisi wazee sauti nyembamba za juu zimeshatukimbia.

Na mkilinganisha, wekeni sauti kiasi kimoja. Mwaka 1933 watafiti wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupungukiwa zaidi na besi. Ndiyo maana muuzaji hufungulia hadi mwisho. Mimi zangu niliuziwa hivyo hivyo.