Bibi hajahama hata mtaa, mbona makaratasi yake yamehama?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi naishi Gießen, Ujerumani, na mke wangu ni wa hukuhuku. Bibi yake kazaliwa 1929 kijiji cha Krofdorf na hajawahi kuhama hapo, sasa juzi tulikua tunampangia makaratasi yake nikakutana na cheti cha zamani kimeandikwa Kreis Wetzlar, Rheinprovinz, wakati hapa ni Hesse na mto Rhine wala hauonekani! Halafu kuna picha za magari ya marehemu babu, Opel ya kwanza namba inaanza na WZ, iliyofuata inaanza na L, na gari ya shemeji leo ni GI, wote wa kijiji kimoja. Nikauliza hiyo L si ya Leipzig, wakanicheka sana. Nisaidie. – Baba Neema, Gießen

JIBU: Baba Neema, waache wacheke, wengi wao ukiwabana hiyo stori hawaimalizi. Kreis chukulia ni wilaya, mkubwa wake anaitwa Landrat, na hiyo ya Wetzlar ilishakufa mwisho wa 1976 ila mzimu wake ndo huo umekutana nao kwenye droo ya bibi.

Anza na 1815. Napoleon kashapigwa, wakubwa wamekaa Vienna wanagawana ramani, Prussia, dola kubwa ya Kijerumani enzi hizo, ikapata mji wa Wetzlar pamoja na ardhi za ukoo wa Solms zilizouzunguka. 1816 wakakata Kreis mbili, Wetzlar na Braunfels, 1822 wakaona za nini mbili wakaziunganisha. Shida ni kwamba kipande chote kilikua kama kisiwa, huku dola ya Hesse na Gießen yake, kule Nassau, dola nyingine ndogo, yaani umezungukwa na nchi za watu, basi Prussia ikakitundika kwenye mkoa wake wa Rhine, mambo yote yanaenda mji wa Koblenz. Ndo hiyo Rheinprovinz ya kwenye cheti. Krofdorf na Gießen ni pua na mdomo lakini enzi hizo mtu akienda sokoni Gießen kavuka mpaka! 1866 Prussia ikaimeza Nassau, ungetegemea sasa warekebishe, wapi, wakakaa miaka 66, mpaka tarehe 1 Oktoba 1932 ndo Kreis Wetzlar ikahamishiwa mkoa wa Hesse-Nassau. Bibi alikua mtoto wa miaka mitatu hivi, kahamishwa mkoa amelala zake kitandani. 1945 Wamarekani wakaunda Hesse mpya, Gießen na Wetzlar zikawa ndani ya jimbo moja.

Haya, namba za gari. Mfumo wa 1956 uliipa Kreis Wetzlar WZ na Gießen GI, kwa hiyo Opel ya kwanza ya babu iko sawasawa. Miaka ya 70 serikali ya jimbo ikashikwa na homa ya kuunganisha wilaya, na hapa wakavuka mipaka kabisa: 1 Januari 1977 wakachukua Gießen na Wetzlar, miji miwili iliyoachana kilomita kama 15 na isiyopendana hata kidogo, wakaongeza vijiji vya katikati, Krofdorf kikiwemo, wakaviita mji mmoja, Lahn. Jina la mto! Mwenyeji wa Wetzlar, mji ambao mahakama kuu ya dola ya zamani ya Wajerumani, kabla ya Napoleon, ilikaa zaidi ya miaka mia, unamwambia leo wewe ni mtu wa Lahn. Kreis zilizobaki zikabandikwa jina la Lahn-Dill na magari yote mapya yakapewa L. Watu walikasirika, na kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa Machi 1977 chama tawala SPD kikapigwa vibaya. Tarehe 31 Julai 1979 mji ukavunjwa, haukufikisha hata miaka mitatu. Mi naona jina lilichangia pakubwa, mtu unaweza kumbadilishia ofisi akavumilia ila sio jina la kwao.

Sasa wakati wa kurudisha hawakurudisha kila kitu kilipokua. Krofdorf na jirani zake Launsbach na Wißmar wakawekwa pamoja, wakaitwa Wettenberg, wakapelekwa wilaya ya Gießen, ndo maana shemeji ana GI. Wetzlar ikabaki Lahn-Dill na ile L waliendelea nayo mpaka 1990, Ujerumani mbili zilipoungana Leipzig, mji wa upande wa mashariki, ikaitaka, wao wakapewa LDK, yaani Lahn-Dill-Kreis. WZ yenyewe ilirudi 2012, kwa wakazi wa mji wa Wetzlar.

Na kama bibi ni mprotestanti, muulize kanisa lake liko chini ya nani. Serikali ilihama 1932, kanisa halikuhama, parokia za Kreis ya zamani mpaka leo ziko chini ya Kanisa la Kiinjili la Rhineland, makao makuu Düsseldorf. Kile cheti usikitupe.