Maswali yenu: Meza ya chakula msimu wa joto, na sebule yenyewe ndogo

SWALI: Shikamoo anti. Nakaa Sinza, chumba na sebule, na kwenye hiyo sebule kuna sofa, kabati la tivii na meza ya chakula ya watu wanne nimeisukumia ukutani. Joto la Januari ndo kama unavyolijua, feni haizimwi. Mama mkwe na wifi zangu wanakuja kula mchana, jumla tutakuwa sita. Nataka meza ipendeze ila nikiweka tu chombo cha maua sahani hazienei. Nifanyeje? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa ugeni. Kwanza kabisa nakuomba usianze na kununua, anza na kutoa. Hotipoti zote zishuke mezani, manake hotipoti tatu na jagi la juisi zikishakaa pale hakuna pambo litakaloonekana tena na wageni wataanza kushika sahani mapajani. Hamishia chakula juu ya kabati la tivii, tandika kitambaa safi, watu wapakue pale kisha waje kukaa. Mezani zibaki sahani, glasi na kitu kimoja cha katikati, basi.

Kuhusu kuenea usiwe na wasiwasi. Mtu mmoja akila kwa raha anahitaji upana wa kama sentimita 60, na meza nyingi za watu wanne zina urefu wa sentimita 120 hivi, kwa hiyo ukiivuta kutoka ukutani wanakaa wawili huku, wawili kule, mmoja kila kichwa, sita hao. Kinachosumbua ni viti sio meza, kiti chenye mgongo kinataka nafasi nyuma yake ili mtu aweze kukivuta na kuinuka, sasa upande wa sofa hiyo nafasi hutaipata. Hapo weka benchi au stuli mbili, wakae wifi zako wadogo, mama apewe kiti cha mgongo upande ambao feni inamfikia bila kumpiga usoni.

Sasa mapambo. Ule mpira wa meza wa nailoni wenye maua makubwa uutoe siku hiyo, kwenye joto mkono unanata juu yake na inakera. Tandika kanga, ni pamba, nyepesi, na kanga moja ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kwa hiyo kwenye meza yako inaning'inia vizuri kila upande bila kufika mapajani. Chagua yenye nyeupe nyingi, au bluu, au kijani, nyekundu na nyeusi ziache zipumzike mpaka mvua zianze, chumba kidogo chenye rangi nzito mezani mtu anahisi joto hata kabla hajala. Na tafadhali sana soma jina la kanga kabla hujatandika!! Jina linakuja kutua karibu na ukingo wa meza, mbele kabisa ya anayekaa upande huo, ukiwa umetandika kanga ya mafumbo na mama mkwe ndo kakaa hapo, umeshatuma ujumbe ambao hukuukusudia. Tafuta yenye dua au ya kumkaribisha mgeni.

Cha katikati kiwe kifupi, watu wakikaa waonane usoni. Mimi kwa msimu huu napenda bakuli pana la kioo lenye maji, juu yake unaelesha vichwa vya mawaridi vitatu vinne au bogenvilia za uani, maji yenyewe yanatuliza macho na hakuna shina la kuangushwa na feni. Kama ungekuwa unawaalika usiku ningekwambia asumini, unachuma vichipukizi jioni bado vimefumba, unavimwaga kwenye maji, na wageni wakiwa wanakula vinafunguka palepale mezani na harufu inaanza kutoka taratibu. Ila mchana asumini imeshachoka, usiilazimishe. Maua ya plastiki mimi siyashauri kabisa, yanashika vumbi na kwenye chumba kidogo yanaonekana mazee mapema.

Watu wengi huweka maua na matunda bakuli moja, hii nawakataza kila siku. Embe na ndizi zinazoiva zinatoa gesi inaitwa ethilini, na hiyo gesi inafanya maua yanyauke haraka. Chagua moja. Na Januari hii maembe yapo kila genge, bakuli la dodo na majani yake mawili matatu ya mwembe ni pambo tosha, na baada ya chakula mnalimenya mnalila, meza inabaki wazi kwa chai. Ila tunda likishakatwa lisikae nje, joto likivuka nyuzi 32 saa moja inatosha, baada ya hapo lirudi frijini.

Mishumaa acha, inaongeza joto na feni itaizima. Udi choma kabla hawajafika, fungua madirisha moshi utoke ibaki harufu tu, wakati wa kula harufu ya pilau ndo itawale. Tishu zibanwe chini ya sahani la sivyo utaziokota sebule nzima.

SWALI: Anti salaam. Mimi niko Mombasa, Kisauni, naishi bedsita na meza ya kulia sina kabisa, hata nikipewa sina pa kuiweka. Hizi picha za meza za kiangazi naziona tu kwa simu. Kuna namna? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Wa alaikum salaam mwanangu. Wewe mbona uko Pwani, na Pwani watu wamekula chini miaka na miaka na wakapendeza! Mkeka wa ukindu ndio meza yako. Tafuta wenye rangi mbili tatu, utandaze karibu na dirisha au mlangoni panapopita upepo wa kaskazi, sakafuni kuna baridi kuliko juu ya kiti na utaiona tofauti siku hiyohiyo. Katikati sinia, juu ya sinia kawa. Kawa nalisema kwa mkazo kwa sababu vijana wameliacha, lile la ukindu wa rangi lililochongoka juu, linazuia nzi, halishiki joto kama kifuniko cha bati, na hata chakula chenyewe kiwe ni wali na mchuzi wa papa tu, kukifunika na kawa tayari ni karamu. Pembeni birika na beseni la kunawia, tia vipande vya ndimu na majani ya rehani kwenye maji, ukinawa mkono unanukia.

Mkimaliza mkeka unakung'utwa, unakunjwa, unasimama nyuma ya mlango na chumba ni chako tena. Ila usiukunje ukiwa na unyevu, hewa ya huku ina maji mengi, utaota ukungu na yale madoa meusi hayatoki. Uanike juani kidogo kwanza.

SWALI: Niko London, flati ndogo, tuna meza ya kukunja. Nimeletewa doti ya kanga nikasema nitandike hii Juni, naogopa itatoa rangi. – Msomaji, Uingereza

JIBU: Itatoa, kanga mpya hutoa rangi na ina wanga unaoifanya iwe ngumu kama karatasi. Ifue peke yake kwa maji baridi mara mbili tatu mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini, piga pasi ikiwa na unyevu kidogo. Usikate doti yako ovyo, kipande kimoja meza, cha pili ukitaka ndo ukate vitambaa vya mkononi, pindo zikae ukingoni. Na kwa kuwa Juni huko jua linazama saa tatu na kitu usiku, sogeza meza dirishani mle jioni kwa mwanga huo, taa za nini. Glasi za vinywaji baridi ziwekee kitu chini, zinatoa jasho na kanga ikiloa inashika madoa ya juisi.