Korosho za sadaka: uliza zilipimwa kwa jina la nani

Ndugu wa Newala unayelalamika kwamba mmetoa korosho za ujenzi msimu baada ya msimu, ukuta umeishia kwenye linta, na mchungaji akiulizwa hesabu anajibu "msimguse mpakwa mafuta": usibishane naye maandiko. Huko ndiko anakokuzidi. Wewe fuata karatasi.

Korosho zikifika AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinapimwa, zinapangwa daraja, na aliyezileta anapewa stakabadhi yenye jina lake na kilo. Mnada ukipita, hela inaingia benki kwenye akaunti ya mwenye jina hilo. Sasa kanisa lisipokuwa na usajili wake pale, mzigo wa madhabahuni unapelekwa kwa jina la mtu, mara nyingi mchungaji au mzee mmoja wa karibu yake. Hela ya sadaka inalala akaunti moja na ya shamba lake. Huenda hata hakukusudia kuiba, lakini Januari ada za watoto zikibana, itaanza kuliwa ile isiyo na wa kuidai.

Mwombeni mweka hazina, kwa barua, vitu vitatu: daftari la mapokezi, stakabadhi za AMCOS na taarifa ya benki. Linganisheni kilo kwanza, shilingi baadaye. Kwa mfano, magunia manne ni kama kilo 320. Zikipungua chache msimpigie mtu kelele, maana korosho zikikauka hupungua na uzito wa gunia lenyewe hutolewa. Gunia zima likikosekana, hilo halikuliwa na jua. Kwenye shilingi wengi huchemka: wanazidisha kilo kwa bei ya mnada uliokuwa juu kuliko yote, kisha wanadai wameibiwa. Tumieni bei ya mnada ule ule mzigo wenu ulipouzwa, ondoeni makato, na daraja la pili lihesabiwe peke yake.

Mkinyimwa karatasi, someni katiba ya kanisa. Wa KKKT (Walutheri) au Anglikana wana ngazi hadi dayosisi. Pandeni moja moja, kila barua iwe na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Kanisa la kujitegemea lina wadhamini, wanaoshika mali yake kisheria, na hao ndio wa kuandikiwa kwanza. Wakinyamaza, kuna RITA, wakala wa serikali, kwa mambo ya wadhamini na Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Wasaini watu kadhaa, maana barua ya mmoja huitwa chuki binafsi. Na zile sauti za WhatsApp za kumwita mtu mwizi acheni kabisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kuwageuza ninyi washtakiwa.

Msimu huu mzigo upimwe uwanjani baada ya ibada, kilo zisomwe kwa sauti, na akaunti iwe ya kanisa, yenye watia saini watatu wasio mke na mume, hela isitoke bila saini mbili. Mchungaji akikataa, uza korosho zako kwa jina lako, nunua saruji, ipeleke mwenyewe na idadi ya mifuko iandikwe mbele ya fundi.