Kuivalisha Impreza ya zamani uso wa hawkeye: ushauri kwa fundi anayeanza

Subaru Impreza ya mwili wa GD, pamoja na wagoni yake GG, ilibadilishwa uso mara mbili huku mifupa ikibaki ile ile. Ilitoka mwaka 2000 na macho ya mviringo, ile inayoitwa bugeye. Mwishoni mwa 2002 ikaja ya taa zenye umbo la tone la chozi, blobeye. Mwaka 2005 ikaja ya macho ya mwewe, hawkeye, nayo ikaendelea hadi 2007. Kibao cha modeli hutenganisha hizi kwa herufi: A na B ni bugeye, C hadi E ni blobeye, F na G ni hawkeye. Zisome herufi hizo kabla ya kuamini macho yako, maana magari mengi yaliyoko barabarani yalishabadilishwa uso na mtu mwingine kabla hayajakufikia.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo GD nzima haiji tena. Vinavyokuja ni vipande: boneti, taa, bampa, na zaidi ya vyote nozikati, yaani pua nzima ya gari iliyokatwa Japani ikiwa na vitu vyake vyote. Ukiweza kupata nozikati, hata ikiwa na mkwaruzo hapa na pale, ichukue uache vipande vya kuokoteza kwenye maduka ya spea ya Grogan na Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam. Ushauri huu ndio unaopuuzwa kuliko wote, na ndio unaogharimu zaidi. Mteja anakuja na taa mbili nzuri alizozipata kwa bei ya kutupa, anakuambia vilivyobaki tutavitafuta taratibu. Gari linakaa gereji miezi minne bila uso.

Sababu iko kwenye vipimo. WRX, yaani Impreza ya turbo, ya bugeye ina urefu wa milimita 4405, blobeye 4415, hawkeye 4465. Pua imesogea mbele, na kila kipande kinachoigusa kimebadilika umbo ili kuifuata. Taa ya mbele inapakana na boneti juu, fenda pembeni na bampa chini. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikiwa cha uso mwingine, taa haikai, na hakuna msasa wala gundi itakayoikalisha. Seti kamili kwa hiyo ni boneti, fenda mbili (wengine mnaziita madigadi), taa mbili na plagi zake, bampa, shoo (wavu wa mbele), chuma cha bampa na sponji yake, vibano vya pembeni vinavyoshika bampa kwenye fenda, plastiki za ndani ya fenda, na foglaiti au vifuniko vyake. Chuma cha bampa na vile vibano ndivyo husahaulika. Bampa mpya ikiwekwa juu ya chuma cha zamani hucheza katikati na kulegea pembeni. Kwa macho itaonekana imekaa, lakini ukiigusa na goti inaingia ndani.

Jambo la pili ni upana, na hapa wengi wamepoteza fedha. Sedani ya WRX ya mwanzo ina upana wa milimita 1730, wagoni 1695. Fenda za sedani zimetuna juu ya tairi, za wagoni zimebana, na bampa ya kila moja imekatwa kufuata fenda zake. Bampa ya sedani kwenye fenda za wagoni hutokeza nje pale pembeni kama ukingo wa sufuria. Mwenye wagoni ana njia mbili: atafute uso wa wagoni, au achukue fenda na bampa za sedani pamoja. Akifuata njia ya pili, tairi za mbele zitaonekana zimeingia ndani na za nyuma zimejaa, kwa sababu fenda za nyuma zimechomelewa na hazibadilishwi kwa spana. Mweleze mapema, aone picha, aamue mwenyewe.

Na wale wa GC8, Impreza ya miaka ya tisini: uso wa GD hauingii humo. Ni shina jingine kabisa.

Boneti nayo ina mambo yake. Njoo na sumaku sokoni. Boneti ya STI, ile WRX kali zaidi, ya mwili huu ni ya alumini, na sumaku haishiki. Alumini ni nyepesi na haioti kutu nyekundu, lakini hupinda kwa kusukumwa na kiganja, na kuinyoosha si kazi ya nyundo ya kila fundi. Ichunguze kwa kuinama upate mwanga wa pembeni. Mawimbi hayaonekani ukiwa umesimama juu yake. Kisha angalia pua ya hewa juu ya boneti. Kwenye gari la turbo, intakula (kipoza hewa ya turbo) imelala juu ya injini na hupozwa na hewa inayoingia hapo, ikiongozwa na kifereji cha plastiki kilichofungwa chini ya boneti. Pua za WRX na STI hazina ukubwa mmoja, na kifereji lazima kiendane na pua na intakula. Kikikosekana au kikiwa si chake, hewa inamwagika pembeni ya intakula na gari linapoteza nguvu kwenye joto, na mwenye gari atakuja kulaumu turbo. Kwenye gari lisilo na turbo, pua iliyo wazi ni mlango wa mvua: maji yanashuka moja kwa moja nyuma ya injini, ilipo stata. Izibe kwa kipande cha plastiki au bati kutoka chini, upake silikoni, uache njia ya maji kutoka pembeni.

Kabla ya kufungua chochote, toa waya wa negativu wa betri usubiri dakika tatu. Vitambuzi vya mgongano vya mifuko ya hewa viko huko mbele kwenye fremu. Usivigonge, usivisogeze, usivichomoe gari likiwa na umeme. Kufungua kwenyewe hakuna siri. Spana namba 10 kwa fenda na bampa, namba 12 kwa bawaba za boneti, na klipu za plastiki ambazo nusu yake zitavunjika kwa sababu zimekaushwa na joto miaka ishirini. Nunua klipu thelathini mpya kabla ya kuanza. Kabla ya kulegeza bawaba, chora mstari wa kalamu kuzunguka kila moja, ili ujue ilipokuwa. Boneti inashikwa na watu wawili. Ukiwa peke yako kona yake ya nyuma itachubua fenda au kugonga kioo.

Boliti moja ya fenda humkwamisha kila anayeanza. Iko kwenye nguzo ya mlango, juu, na inaonekana ukifungua mlango wa mbele na kuchungulia kwenye mwanya. Nyingine iko chini karibu na kizingiti, nyuma ya plastiki ya ndani, na mara nyingi imeshikwa na kutu na udongo. Ipulizie mafuta ya kulegeza jana yake. Ikikatika, utatoboa na kutengeneza uzi mpya mahali ambapo mkono hauingii vizuri.

Sasa kuvalisha, na hapa ndipo kazi inapopimwa. Vipande vyote vinavalishwa bila rangi kwanza. Kipande kilichopakwa rangi kabla ya kujaribiwa kitapakwa mara ya pili, hilo halina mjadala. Na kipimo cha kuanzia ni mlango, kwa sababu mlango haukubadilishwa. Anayeanza na bampa, kwa kuwa ndiyo inayoonekana, anaishia na mwanya wa kuingiza kidole kati ya fenda na mlango.

Funga fenda kwa boliti zilizolegea, kaza ile ya nguzo ya mlango kidogo tu, halafu panga mwanya kati ya fenda na mlango. Kipande cha plaiwudi cha milimita 4 kinatosha kuwa kipimo: kiteleze kutoka juu hadi chini, kipite kwa ulaini ule ule bila kukwama wala kulegea. Pitisha kiganja kwenye mwanya ukifumba macho. Kiganja husikia tofauti ya nusu milimita ambayo jicho haliioni. Fenda ikiwa juu ya mlango utaisikia kama ukucha. Fungua mlango polepole mara tatu. Ukingo wake wa mbele huingia ndani ya fenda unapofunguka, na fenda iliyorudishwa nyuma mno itachubuliwa siku ya kwanza.

Fenda zikishakubali, weka boneti. Mwanya wa kushoto na kulia uwe sawa, ukingo wa nyuma usiguse plastiki ya waipa. Urefu wa nyuma unarekebishwa kwenye bawaba, wa mbele kwa vile vipira vya kuzungusha na kwa kufuli yenyewe. Usikaze kufuli kabla boneti haijakaa katikati. Kisha taa, kisha chuma cha bampa, kisha bampa na shoo. Mwanya ukigoma upande mmoja tu ilhali vipande ni sahihi, acha kulazimisha. Pima kwa utepe kutoka boliti ya shokabsoba ya kushoto hadi kona ya mbele ya kulia, na kinyume chake. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, gari liligongwa zamani na fremu imekaa upande. Hilo linanyooshwa kwenye mashine kwanza, ndipo uso urudi. Mwishoni kaza boliti za fenda kwa karibu Nm 7 hadi 8. Ni za M6, na uzi wake hauvumilii mkono mzito.

Jihadhari na bampa za faibaglasi zinazouzwa kama mpya. Zigeuze uangalie ndani: ukiona nyuzi, si plastiki ya kiwandani. Zinaweza kutumika, lakini matundu hayalingani, zinahitaji kusagwa, na zikigonga tuta hupasuka pale ambapo plastiki ingepinda tu na kurudi.

Upande wa umeme, kata plagi za taa kwenye nozikati zikiwa na mkia wa waya wa sentimita 15 au 20. Usibuni waya kwa rangi zake; tumia mita. Subaru nyingi za enzi hizi huwasha taa kubwa kwa upande wa negativu: pozitivu inafika kwenye balbu kupitia relei, na swichi ndiyo inayofunga njia ya kurudi. Fundi umeme aliyezoea magari mengine ataunganisha bodi ya gari kama negativu, na ama taa zitakuwa full muda wote au zitagoma kubadilika. Balbu ya wati 55 hula karibu ampea 4.6, mbili ni zaidi ya 9, kwa hiyo waya mwembamba wa redio hautoshi. Tumia wa milimita mraba 1.5. Unga kwa risasi, funika kwa mrija wa kusinyaa kwa moto. Selotepu nyeusi pekee itaachia gundi kwenye joto la huko mbele. Taa za HID (za xenon) zikiwa na ballast zake, yaani visanduku vya kuziwashia, usizifungue zikiwaka: wakati wa kuwasha hutoa volti kwa maelfu.

Rangi. Msimbo uko kwenye kibao cha gari. Ile buluu maarufu ni 02C. Lakini msimbo ni wa gari lilipokuwa jipya, na lako limekaa juani miaka ishirini. Pulizia kadi ya majaribio, iweke juu ya mlango nje kwenye jua, si chini ya taa ya gereji. Kwa metaliki na buluu hii, fifisha rangi mpya hadi ndani ya milango ya mbele kisha paka klia (vanishi ya juu isiyo na rangi) mlango mzima, vinginevyo pua na kiwiliwili vitaonekana magari mawili. Puti isizidi milimita 3. Bampa ya plastiki inataka praima ya plastiki kabla ya kitu kingine chochote, na alumini ya boneti inataka praima ya epoksi. Ukiruka hapo, rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Ndani ya mikunjo ya fenda pulizia nta kabla ya kufunga plastiki, kwa sababu ndiko matope hukaa.

Taa zikishakaa, zielekeze. Simamisha gari sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, weka alama ya urefu wa katikati ya taa, na mstari wa dimu ukae karibu sentimita 10 chini ya alama. Taa za Japani zimetengenezwa kwa wanaoendesha kushoto, kwa hiyo Kenya, Tanzania na Uganda ziko sawa. Zilizotoka Marekani au bara la Ulaya humulika zaidi upande wa kulia, yaani kwenye macho ya anayekuja. Kwa ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, wanaoendesha kulia, ni kinyume: taa ya Japani ndiyo itakayowapofusha wenzao, hivyo watafute za soko la kulia.

Rangi ya gari ikibadilika, hati nayo ibadilishwe, logbook kwa NTSA (mamlaka ya usafiri Kenya) au kadi kwa TRA (mamlaka ya mapato Tanzania), kabla gari halijatoka kwenda mbali. Na baada ya wiki mbili za barabara mbovu mwite mteja arudi. Kagua boliti za bawaba na kufuli ya boneti, na hasa ndoano ya pili ya usalama: fungua kufuli kwa waya wa ndani, jaribu kuinua boneti bila kuigusa ndoano. Ikiinuka, gari halitoki gereji siku hiyo.