Tumesafisha kijito mara mbili, taka zimerudi

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nafundisha sayansi sekondari. Muhula huu wanafunzi wangu wamesafisha kijito kilicho nyuma ya shule mara mbili, na kila mara baada ya majuma mawili taka zimejaa tena. Watoto wamekata tamaa, na walimu wenzangu wanasema nawapotezea muda wa masomo. Niache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache, ila safari ijayo msiokote kitu kabla hamjahesabu. Gawa ukingo vipande vya mita 10, kila kundi lipate chake na daftari lake: chupa ngapi, mifuko mingapi, nepi ngapi. Mwaka 1986 Linda Maraniss na Kathy O'Hara, watetezi wa bahari, walipokusanya watu kusafisha fukwe za Texas, Marekani, waliwapa kadi za kuandika kila kilichookotwa. Usafi huo umeenea nchi zaidi ya 100, na kuandika hakukuachwa, maana taka iliyoandikwa unaweza kuifuata ilikotoka.

Basi ifuateni. Nepi zikizidi kwenye kipande kimoja, nendeni nyumba za karibu, si kulaumu, mkaulize: taka huzolewa lini? Shimo lipo? Pengine mama mwenye mtoto mchanga hana pa kuzitupa. Kisha waulizeni wakazi wenyewe wanaona tatizo ni lipi, maana huenda kinachowakera si taka bali maji kunuka.

Hilo la kuuliza mimi nililiruka. Tulipanda miche 200 kwenye kiwanja tulichokiona kitupu, bila kubisha hodi popote. Likizo ikaja, hakuna wa kumwagilia. Tuliporudi ilisalia 11, na ndipo jirani mmoja akatuambia kwa upole kwamba hapo ndipo mifugo hupita kila jioni. Sijasahau watoto wale walivyosimama kimya.

Mkirudi darasani, wape nusu saa waandike: nimeona nini, kipi sikukitarajia, nani mwenye uwezo wa kukibadilisha. Nusu saa hiyo ndiyo somo lenyewe. Waonyeshe wenzako madaftari hayo. Mwalimu wa hisabati atapata grafu zake humo, na wa uraia atapata barua ya kupeleka kwa viongozi, yenye idadi badala ya malalamiko.

Glavu kwa kila mtoto. Sindano na vioo asiviguse hata mmoja wao. Viokote wewe, kwa koleo.