Vidato vya mnazi na njano ya chumvi

Nilipokuwa kidato cha pili, mpangilio wa elektroni (chembe ndogo zinazozunguka kiini cha atomu), yaani ngapi ziko kila tabaka kuanzia ndani, niliuimba kama kaswida: sodiamu 2:8:1, kalsiamu 2:8:8:2. Mtihani ukauliza kwa nini chumvi ikitiwa motoni hutoa mwanga wa njano. Nikajibu kwamba elektroni inang'aa inapopanda. Sifuri, na niliistahili.

Jibu nililipata jikoni miaka mingi baadaye. Sufuria ya wali ilifurika, maji ya chumvi yakamwagikia jiko la gesi, na moto wa bluu ukageuka njano, kisha ukarudi ulivyokuwa.

Kwa hiyo ukimsaidia mwanao somo hili, anza na moto, namba zije baadaye. Lowesha ncha ya kijiko cha chuma, chovya kwenye chumvi, kishike kwa koleo pembeni mwa mwali. Wewe ndiye ushike, si mtoto.

Halafu mwonyeshe mnazi. Mkwezi hukanyaga kidato hadi kidato. Katikati hapana pa kuweka mguu. Elektroni nazo ndivyo zilivyo. Sodiamu, iliyomo kwenye chumvi pamoja na klorini, ina 11, na kumi za ndani zimetulia. Ile moja ya nje ndiyo joto la mwali huisukuma kidato cha juu, lakini haikai. Inaposhuka, nishati iliyopewa inatoka kama mwanga, na kimo ilichoshuka ndicho huamua rangi. Kwa sodiamu urefu wa wimbi la mwanga huo ni nanomita 589 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), njano ileile, hapa na kwenye nyota. Shaba ina vidato vyake, hutoa kijani. Potasiamu, zambarau hafifu. (Mjuaji atauliza: kwenye chumvi, ile elektroni si imeshachukuliwa na klorini? Ndiyo, ila mwali huivunja chumvi na sodiamu hurudishiwa yake.)

Mimi kilichonipendeza zaidi ni kisa cha mwaka 1868. Wanaastronomia walikuta kwenye mwanga wa Jua, ulipotenganishwa rangi zake, mstari wa njano uliokaribia ule wa sodiamu, ila haukulingana nao: ulikuwa kwenye nanomita 587.5 hivi. Kumbe ilikuwa heliamu, ambayo duniani ilikuja kupatikana 1895. Tofauti ya nanomita moja na ushei!

Jaribio hili usilifanye kwa mshumaa. Njano ya mshumaa ni ya masizi yaliyopata moto mkali, na mtoto atakuuliza chumvi iko wapi. Mimi niliulizwa.