Kalamu ya bahari: maswali yenu kutoka Dodoma

Toleo lililopita nilimtaja kwa mistari mitatu mnyama aitwaye kalamu ya bahari. Jina hilo alipewa kwa kuwa anafanana na unyoya wa ndege, ule uliochovywa kwenye wino zamani. Sikutegemea kwamba mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari ungeniandikia kiasi hiki. Asanteni sana. Naanza.

Umesema amesimikwa kwenye tope. Sasa huyo ni mnyama au mmea? – Msomaji, Kongwa

Ni mnyama, ndugu yangu, tena wa ukoo mmoja na matumbawe na yavuyavu. Kwa usahihi zaidi, ni wanyama wengi walioungana mwili.

Maisha yake huanza na lava, yaani kichanga mdogo mno anayeelea majini. Akitua kwenye tope hugeuka polipu, yaani kijimnyama chenye umbo la mrija, mdomo juu na minyiri kuuzunguka. Polipu huyo wa kwanza hukua, minyiri yake hupotea, na mwili wake mzima hugeuka kuwa nguzo ya ukoo. Nusu ya chini ni kikonyo kinachojizika topeni. Hujaa maji, kikavimba na kushika kama nanga. Nusu ya juu huchipua polipu wengine. Katika spishi nyingi, katikati hupita kijiti cha chokaa kinachoifanya koloni, yaani kundi hilo zima lililoungana, isimame wima.

Polipu hao hugawana kazi. Wapo walaji, kila mmoja na minyiri minane yenye vijitawi pande mbili, mfano wa unyoya. Wengine, wadogo zaidi, kazi yao ni kuendesha maji tu, na maji hayo ndiyo huifanya koloni ivimbe au inywee. Matumbo yao yameunganishwa kwa mifereji, hivyo anachomeza mmoja huwafikia wote. Kila nikifika hapa huwa nasimama kidogo: yule aliyeanzisha ukoo hana tena mdomo wa kulia, analishwa na watoto aliowabeba.

Wanapatikana bahari gani, na kina gani? – Mwalimu wa jiografia, Chamwino

Bahari zote, mwalimu, kuanzia ncha za dunia hadi ikweta. Spishi zinazokubalika ni takriban 200. Baadhi huishi maji mafupi ya pwani, lakini wengi ni wa kilindini, na waliopatikana chini kabisa walikuwa zaidi ya mita 6,100. Waambie wanafunzi wako kwamba Kilimanjaro, yenye mita 5,895, ingezama yote hapo na kilele chake kisionekane.

Kadiri unavyoshuka, umbo nalo hubadilika. Wa maji mafupi mara nyingi wana mbawa nene zilizojaa polipu. Kule chini chakula ni haba: ni vumbi la mabaki ya viumbe linalonyesha polepole kutoka juu. Umbellula, jenasi (kundi la spishi za karibu) ya kilindi inayojulikana kuanzia Aktiki hadi Antaktika, ina polipu wachache wakubwa waliokusanyika kileleni mwa shina jembamba linaloweza kupita mita mbili. Fikiria suke la mtama juu ya bua lake. Urefu huo huwainua walaji hadi kwenye mkondo unaopita na chakula.

Je, katika bahari yetu wapo? – Msomaji, Area C

Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki imo katika kumbukumbu za kalamu za bahari tangu zamani. Meli ya utafiti ya Kijerumani, Valdivia, ilisafiri kati ya 1898 na 1899 na ikapita Dar es Salaam. Kalamu za bahari ilizokusanya safarini zilielezwa na wanasayansi Kükenthal na Broch katika ripoti ya mwaka 1911.

Lazima liwe tope? – Mkulima wa mpunga, Bahi

Tope au mchanga laini, karibu kila mara. Wewe unalijua tope, mzee wangu, unajua kwamba si uchafu. Ila mwaka 2011 watafiti Gary Williams na Philip Alderslade walieleza spishi tatu ambazo mguu wao hunata kwenye mwamba.

Nimesikia wanawaka. Inasaidia nini binadamu? – Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma

Spishi nyingi huwaka zikiguswa, na mwanga hukimbia kwa mawimbi kutoka polipu hadi polipu. Jamaa yao wa maji mafupi, Renilla, ana kimeng'enya cha kutoa mwanga ambacho jeni lake lilitengwa mwaka 1991. Leo maabara nyingi hukitumia kama taa ya kuonyesha iwapo jeni fulani linafanya kazi ndani ya seli.

Tukimleta bwawa la Hombolo ataishi? – Mtoto wa darasa la tano

Hapana, mwanangu. Anahitaji maji ya chumvi, na wa kilindini amezoea baridi na giza.

Nyavu za kukokota zinamdhuru? – Mama muuza samaki, soko la Majengo

Sana, mama. Baadhi ya wa maji mafupi hunywea na kujificha topeni, lakini wengine, kama Funiculina, hawawezi. Aliyeng'olewa mzima huweza kujizika upya. Kijiti kikivunjika hulala, akaliwa na konokono uchi, yule wa baharini asiye na gamba, au kiti cha pweza. Na hawakui haraka. Katika Bahari ya Bering, kati ya Alaska na Urusi, spishi ya Halipteris iliyopimwa umri kwa kuhesabu pete za kijiti chake ilikuwa na koloni za zaidi ya miaka 40. Wewe utaguswa zaidi na hili: mwaka 2012 watafiti wa mashariki mwa Kanada waliripoti vichanga vya samaki wekundu vikiwa katikati ya polipu za kalamu za bahari. Wavu ukipita hapo unang'oa na malezi ya samaki.